Randa za Kukwangua za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa fundi anayefanya kazi kwa mkono, aliyepata au anayetafuta randa ya kukwangua ya zamani, hasa zile za kampuni ya Stanley ya New Britain, Connecticut, Marekani, na nakala zake za Uingereza. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Kama tayari unayo randa na haikati, ruka moja kwa moja hadi swali la 11, kwa sababu huko ndiko karibu kila tatizo linakoanzia.

## Mambo ya msingi

1. Randa ya kukwangua ni nini, na inatofautianaje na randa ya kawaida?

Randa ya kawaida ina kisu kilicholala nyuma, kwa kawaida digrii 45 kutoka kwenye kitako, yaani uso wa chini wa randa. Kisu hicho kinaingia chini ya nyuzi za mbao na kuziinua kabla ya kuzikata. Nyuzi zikipanda kuelekea unakosukuma, hakuna shida. Zikigeuka upande wa pili, zinainuliwa na kunyofoka kutoka chini ya usawa unaoutaka, na ubao unabaki na mashimo.

Katika randa ya kukwangua, kisu kinasimama wima au kinainama mbele, kuelekea unakosukuma. Hakiwezi kuingia chini ya nyuzi na kuzinyanyua. Kinachokata ni ndoana ndogo sana ya chuma iliyopindwa kwenye ukingo wa kisu, ambayo inatoa maranda membamba kuliko karatasi. Mwili wa randa kazi yake ni kushikilia kisu katika pembe isiyobadilika na kuzuia kisizame.

2. Kwa nini nisitumie msasa tu?

Unaweza, na mafundi wengi hawana kingine. Lakini msasa unakwaruza nyuzi na kujaza unga kwenye vinyweleo vya mbao, ndiyo maana uso uliopigwa msasa huonekana kama una ukungu ukilinganisha na uliokwanguliwa. Msasa pia unaviringisha kingo na kula zaidi sehemu laini za ubao. Kisha kuna vumbi. Unga wa mvule na wa mninga huwasha pua, macho na ngozi za mafundi wengi, na randa ya kukwangua iliyonolewa vizuri hutoa maranda, si unga.

Mahali msasa unaposhinda ni kwenye mbao laini, kwenye mapindo, na pale unapotaka vipande vingi vinywe rangi kwa usawa (swali la 23).

3. Inafaa mbao gani?

Mbao ngumu, hasa zenye nyuzi zinazopishana, yaani zinazoelekea huku kwenye tabaka moja na kule kwenye tabaka linalofuata. Mkangazi wenye mistari inayong'aa na kufifia ni mfano mzuri: randa ya kawaida hunyofoa kila mstari wa pili hata ukigeuza ubao. Mvule na mninga zina tabia hiyo hiyo kwa viwango tofauti. Mpingo nao, kwa ugumu wake, hukwanguka vizuri kuliko unavyorandika.

Mvule una hila yake. Ndani yake hutokea vijiwe vya chokaa vilivyojikusanya kwenye nyufa, na kimoja tu kinatosha kuvunja ndoana au hata kumega ukingo wa kisu. Ukiona doa la kijivu au jeupe lenye ugumu, likwaruze kwanza kwa ncha ya kisu kibovu. Mtiki nao una chembe ngumu za silika, kwa hiyo tegemea kunoa mara nyingi zaidi kuliko kwenye mninga.

Msonobari na mbao nyingine laini hazifai. Nyuzi zake hulala chini ya ndoana badala ya kukatika, na uso unabaki na manyoya. Kwa mbao hizo, noa kisu cha randa ya kawaida kwenye jiwe na utumie hiyo.

4. Bati la kukwangulia la mkononi halitoshi?

Kwa eneo dogo linatosha, na kila mwenye randa ya kukwangua anapaswa kuwa na bati pia. Lakini bati linashikwa kwa vidole gumba, linapata joto hadi linaunguza, na kwa kuwa linafuata mabonde, ukikazana mahali pamoja utachimba shimo ambalo halionekani mpaka vanishi ikauke. Randa ina kitako. Inapita juu ya bonde na kukata vilele tu, kwa hiyo uso mpana kama wa meza unabaki bapa.

## Kutambua na kununua

5. Namba 80, 112, 12, 85 na 212 zinamaanisha nini?

Ni namba za orodha ya bidhaa za Stanley, na viwanda vingine viliziiga. Chanzo cha baadhi yake ni Leonard Bailey, mtengenezaji wa randa wa Marekani, aliyepata hataza ya randa ya kukwangua mwaka 1855. Stanley ilinunua biashara yake mwaka 1869.

Na. 80 ndiyo ya kawaida zaidi. Ina mikono miwili ya chuma iliyotandazwa kama mabawa, kitako kifupi, kisu chembamba cha upana wa inchi 2¾ (karibu milimita 70), na skrubu moja mgongoni inayosukuma katikati ya kisu ili kipinde. Pembe ya kisu haibadiliki. Kampuni ya Record ya Sheffield, Uingereza, ilitengeneza ya kwake kwa jina 080, na Stanley yenyewe iliitengeneza pia Uingereza.

Na. 112 inafanana na randa ya kawaida: mpini nyuma, kirungu mbele, urefu wa kama inchi 9. Kisu kimefungwa kwenye kiti kinachoinama, na unarekebisha pembe kwa nati mbili zilizo kwenye fimbo yenye uzi wa skrubu. Kisu chake hakipindi.

Na. 12 ina kiti cha namna hiyo hiyo lakini mpini wake ni mti mmoja uliolala kingamo. Ilikusudiwa hasa kwa vinia, yaani tabaka nyembamba za mbao zinazogundishwa juu ya ubao. Na. 12½ ni hiyo hiyo ikiwa na kitako cha mbao. Na. 212 ni ndogo, ya kushikwa kwa mkono mmoja, na wakusanyaji wameipandisha bei hadi haina maana kuinunua kwa ajili ya kazi. Na. 85 ina kisu kinachofika ukingoni mwa mwili, na mpini na kirungu chake huinamishwa pembeni ili vidole visigonge ukuta wa sanduku au fremu.

Angalia usiuziwe Na. 70 kama randa ya kukwangua. Hiyo ilikuwa ya kufuta maandishi kwenye masanduku ya mbao ya bidhaa. Na. 11, inayofanana na Na. 12 kwa mbali, ni ya mafundi wa mikanda ya ngozi.

6. Nianze na ipi?

Na. 80. Ni rahisi, imara, haina sehemu nyingi za kupotea, na kisu chake kikipinda kinasamehe makosa madogo ya kunoa. Na. 112 ni chombo bora kwa uso mpana, ila inadai kisu kilichonolewa kwa usawa kamili na mkono unaojua inachotafuta. Mtu anayeanza na Na. 112 mara nyingi huiweka kabatini ndani ya wiki mbili akiamini ni mbovu.

7. Nikague nini kabla ya kununua?

Chuma cha kusubu hakipindi, huvunjika. Kwenye Na. 80 tazama nyufa mahali mikono inapoungana na mwili na pembeni mwa mdomo, yaani tundu kisu kinapotokea. Kwenye Na. 112 tazama chini ya kiti na kwenye masikio yanayoshika pini yake. Piga mwili kwa kucha au kwa kijiti: uliopasuka hutoa sauti iliyokufa.

Zungusha kila skrubu. Uzi wa skrubu za Stanley za zamani si wa kawaida, kwa hiyo skrubu iliyopotea au kuchakaa haipatikani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kuchongesha mpya kwenye mashine kunaweza kuzidi bei ya randa. Hakikisha kile kibamba kinachobana kisu kipo na hakijapinda. Kikiwa na tao, kisu kitashikwa pembeni tu na kutetemeka.

Kutu ya juu juu, mpini uliovunjika na kisu kibovu si sababu za kukataa. Ni sababu za kushusha bei.

8. Randa haina kisu, au kisu kimebaki kifupi. Nifanyeje?

Visu vipya vinatengenezwa. Kampuni za Hock na Veritas, kwa mfano, huuza vinavyoingia kwenye Na. 80. Pima upana wa nafasi kwanza. Usinunue kisu kinene kwa ajili ya Na. 80, kwa sababu skrubu ya mgongoni haitaweza kukipinda.

Njia ya bei nafuu ni kukata kisu kutoka msumeno wa mkono wa zamani. Chuma cha misumeno mizuri ya zamani kina ugumu unaofaa: tupa inakila, lakini kwa shida. Misumeno mingi ya kisasa ina meno yaliyofanywa magumu kwa umeme, meusi kwenye ncha. Kata mbali na meno hayo. Kata polepole, na chuma kisigeuke rangi ya buluu, maana hapo ugumu umeondoka. Kwa Na. 112 kisu cha msumeno ni chembamba mno, tafuta kinene zaidi.

## Kuirudisha kazini

9. Niondoeje kutu?

Fungua kila kitu. Kutu nyepesi inatoka kwa mafuta ya taa na steelwool, ukisugua kwa mwelekeo mmoja. Kutu nzito: lowesha kwenye siki nyeupe usiku mmoja, sugua kwa brashi, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha mara moja juani au karibu na moto, kisha paka mafuta. Usipotumia magadi, kutu mpya ya rangi ya chungwa itakuwa imerudi kabla ya chakula cha mchana.

Sehemu zilizopakwa nikeli na zile zenye rangi nyeusi ya awali usizitumbukize kwenye siki.

Kwa walio Mombasa, Tanga, Unguja na pwani yote, hewa ya chumvi hula chuma ndani ya siku chache. Futa randa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila unapomaliza, na usiihifadhi ndani ya maranda, kwa kuwa yanavuta unyevu.

10. Kitako kinahitaji kuwa bapa kiasi gani?

Kwa Na. 80, kiasi. Kilicho muhimu ni ile sehemu iliyo karibu kabisa na mdomo, mbele na nyuma yake, kwa sababu hapo ndipo nyuzi zinapobanwa kabla ya kukatwa. Kwa Na. 112 kiwe bapa zaidi, hasa ncha ya mbele, mdomo na ncha ya nyuma zikae kwenye usawa mmoja.

Weka msasa namba 120 juu ya kioo kinene. Funga kisu ndani ya randa kikiwa kimepandishwa juu na kibamba kimekazwa kama kazini, kwa sababu kukaza kunapinda mwili kidogo. Chora mistari ya penseli kwenye kitako, sugua, tazama mistari iliyobaki. Malizia na namba 220. Ukimaliza, piga tupa kidogo kingo za mbele na nyuma zisikwaruze mbao, kisha paka nta ya mshumaa. Nta hiyo irudie kila dakika kumi za kazi. Tofauti utaisikia mikononi.

## Kunoa

11. Kisu kinanolewaje, hatua kwa hatua?

Hapa ndipo muda wako utumike. Randa chakavu yenye ndoana nzuri inakata, na randa mpya kabisa yenye ndoana mbaya haikati.

Kwanza ondoa ndoana ya zamani. Laza uso bapa wa kisu kwenye kinoo na usugue mpaka ukingo uwe safi. Sehemu ya milimita 5 karibu na ukingo ing'ae, kwa kuwa ndoana inaundwa na chuma hicho, na mkwaruzo wowote utakuwa pengo.

Pili, funga kisu kwenye jiliwa, ukingo juu. Kwa tupa laini tengeneza mshazari wa digrii 45 kamili upande mmoja tu. Kata kipande cha mbao kwa digrii 45 na ukitumie kama kiongozi wa tupa kama jicho lako bado halijazoea. Endelea mpaka uhisi kijinywele cha chuma upande wa pili, ukingo mzima, bila kukatika.

Tatu, ondoa alama za tupa kwenye kinoo: namba 1000, kisha 4000 au zaidi. Noa mshazari, kisha uso bapa, ukibadilishana mpaka kile kijinywele kidondoke. Wengi huruka hatua hii wakidhani kisu cha kukwangua hakihitaji ukali. Kinahitaji uwe kama wa patasi, uweze kunyoa manyoya ya mkono.

Nne, viringisha pembe mbili za kisu kwa milimita moja hivi, zisichore mistari (swali la 18).

Tano, pinda. Kisu kikiwa kwenye jiliwa, weka tone la mafuta kwenye chuma cha kupindia. Pita mara ya kwanza ukiwa umekilaza juu ya mshazari, au juu yake kidogo tu, kama digrii 50 kutoka kwenye uso bapa. Kila pito, inua kidogo, mpaka pito la mwisho liwe kama digrii 75, yaani pungufu ya digrii 15 kufikia kulala sawa na sakafu. Mapito manne hadi sita yanatosha. Vuta kutoka pembe hadi pembe kwa mwendo mmoja, mgandamizo usiobadilika.

Ukipitisha kidole kwa uangalifu kutoka uso bapa kuelekea nje, ndoana itakushika. Isikie pembe zote mbili na katikati.

12. Chuma cha kupindia nitakipata wapi?

Kinachouzwa kwa kazi hiyo ni fimbo ya chuma kigumu kilichong'arishwa. Mbadala unaopatikana kirahisi ni shina la vali ya injini kutoka gereji, au shina la keekee lililotengenezwa kwa feleji ya kukatia vyuma. Jaribu kwa tupa: tupa ikiteleza bila kuuma, kinafaa. Ikiuma, kisu kitakichora badala ya chenyewe kukipinda kisu. Bisibisi nyingi hazifiki ugumu huo.

King'arishe kwa msasa wa maji namba 1000 hadi kiwe kama kioo.

13. Ndoana kubwa ni bora?

Hapana. Ndoana kubwa hutoka kwa kukandamiza kwa nguvu, na chuma kinachopindwa kwa nguvu hupasuka pasuka kikaacha makali ya msumeno. Kwa kumalizia uso tumia ndoana ndogo isiyoonekana kwa jicho ila inashika kucha. Kwa kuondoa mbao nyingi ongeza pito moja au mawili, si mgandamizo.

14. Ndoana ikifa, lazima ninoe upya?

Si mara moja. Laza chuma cha kupindia kwenye uso bapa na upite mara mbili tatu kuinyoosha ndoana, kisha ipinde tena kama hatua ya tano ya swali la 11. Hilo linawezekana mara tatu hadi tano kabla chuma hakijachoka na kuanza kukatika. Baada ya hapo rudi kwenye tupa.

## Kufunga kisu na kusukuma

15. Nifungeje kisu kwenye Na. 80?

Legeza skrubu mbili za kibamba, na rudisha nyuma skrubu ya mgongoni mpaka isiguse kisu. Ingiza kisu kwa chini, mshazari ukielekea nyuma upande wa ile skrubu, ndoana ikitazama mbele. Simamisha randa juu ya ubao bapa, acha kisu kishuke chenyewe mpaka kiguse, bonyeza kidogo kwa vidole viwili, kisha kaza skrubu za kibamba kwa zamu.

Jaribu kusukuma. Haitakata, au itakata kidogo sana. Sasa zungusha skrubu ya mgongoni mpaka iguse kisu, halafu ongeza robo ya mzunguko. Katikati ya kisu inasogea mbele na kushuka, na maranda yanaanza kutoka. Kadiri unavyokaza ndivyo maranda yanavyokuwa manene na yenye upana mdogo. Kwa kumalizia, legeza mpaka maranda yawe mapana na mepesi.

Kuingiza kisu mshazari ukiwa mbele ndilo kosa la kwanza kuliangalia kama hakuna kinachokatika kabisa.

16. Na Na. 112?

Weka kiti kikiinama mbele kama digrii 15 kutoka wima. Weka kipande cha karatasi ya kuandikia chini ya ncha ya mbele ya kitako, nyuma ikigusa ubao. Shusha kisu, mshazari nyuma, kikae juu ya ubao chenyewe, kaza. Ondoa karatasi, kisu sasa kimetokeza kidogo tu.

Marekebisho madogo yanafanywa kwa nati mbili. Legeza moja, kaza nyingine, sehemu ndogo ya mzunguko kila mara. Kuinamisha kiti mbele zaidi kunashusha ukingo na kubadilisha pembe ya ndoana kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukisogeza sana huanza kupoteza. Ikifikia hapo, anza upya na karatasi. Mwishoni nati zote mbili ziwe zimekaza kiti, la sivyo kitatetemeka.

17. Nisukumeje?

Randia kwanza kwa randa ya kawaida. Randa ya kukwangua inamalizia, haisawazishi ubao uliotoka kwenye msumeno.

Shika Na. 80 kwa mikono yote miwili, vidole gumba vikiwa nyuma ya mwili karibu na skrubu, na uipindishe kama digrii 15 hadi 20 kutoka mwelekeo wa kusukuma. Kupindisha kunapunguza mishtuko na kuzuia ukingo usiangukie kwenye bonde moja. Anza ukiwa umekandamiza mbele, maliza ukiwa umekandamiza nyuma. Kila pito likutane na lililotangulia kwa nusu ya upana, na pita eneo lote kwa idadi sawa. Kama sehemu imenyofoka, usiikomalie peke yake: panua eneo unalokwangua mara tatu nne ya ukubwa wa shimo.

Inaweza kuvutwa pia, ukiigeuza. Kwenye mwisho wa ubao mrefu usioweza kuuzunguka, kuvuta ni salama kuliko kunyoosha mikono.

## Inapokataa

18. Inaacha mistari miwili sambamba.

Pembe za kisu zinachora. Ziviringishe zaidi (swali la 11, hatua ya nne). Kwenye Na. 112, ambayo kisu chake hakipindi, pembe peke yake hazitoshi: ukingo mzima uwe na tao dogo sana, unalotengeneza kwa kukandamiza tupa zaidi pembeni mapito machache.

19. Inatoa unga, si maranda.

Ndoana imekufa, haikuwepo, au imepindwa kupita kiasi hadi haielekei tena kwenye ubao. Hilo la mwisho hutokea pito la mwisho likifanywa kwa digrii 90. Dalili yake ni kwamba ukiinamisha Na. 112 mbele zaidi inaanza kukata. Kama kuinamisha hakusaidii, noa upya. Na kama mbao ni laini, tazama swali la 3.

20. Inaruka na kuacha mawimbi madogo kama ubao wa kufulia.

Kisu kinatetemeka. Chunguza kwa mpangilio huu: kibamba kimekaza? Kuna maranda au uchafu uliobanwa nyuma ya kisu? Ndoana ni kubwa mno? Skrubu ya mgongoni imezidi? Kwenye Na. 112 ongeza: nati za kiti zimebana? Kisu cha awali cha Na. 112 ni chembamba, na kwenye mbao ngumu sana kitatetemeka hata kila kitu kikiwa sawa. Hapo kisu kinene ni tiba ya kweli.

Mawimbi yakishajiunda, usiyafuate kwa mwelekeo ule ule, kisu kitadumbukia ndani ya kila bonde. Pita mshazari, kutoka pembe nyingine, mpaka yaishe.

21. Inakata upande mmoja tu.

Kisu kimekaa upande. Kigonge kwa nyundo ndogo upande ulio juu, au funga upya. Ikiendelea, pima mshazari: huenda tupa imekula upande mmoja zaidi.

## Hali za pekee

22. Inawezekana kutumia Na. 112 bila ndoana?

Ndiyo, na kwa visu vinene wengine hawatumii njia nyingine. Noa mshazari wa digrii 45 hadi makali ya kunyoa, usipinde chochote, na inamisha kiti mbele kidogo kidogo mpaka ishike. Inatoa maranda mafupi, haidumu kama ndoana, lakini uso wake ni laini sana kwenye mpingo na mbao za namna hiyo. Kwenye Na. 80 haifai.

Kuna pia visu vya meno, ambavyo Stanley iliviuza vikiwa na meno 22, 28 au 32 kwa inchi. Hivi havimalizii. Vinasawazisha mbao zenye nyuzi korofi bila kunyofoa, na vinaacha mifereji ambayo kisu cha kawaida huondoa baadaye. Fundi wa vinia alivitumia kukwaruza ubao wa chini ili gundi iliyopikwa kutoka ngozi za wanyama ishike.

23. Rangi na vanishi vinashikaje kwenye uso uliokwanguliwa?

Vanishi na polishi vinashika vizuri, na mng'ao unatokea mapema. Rangi ya kunywesha mbao ni habari nyingine: uso uliokwanguliwa unakunywa kidogo kuliko uliopigwa msasa, kwa hiyo mlango uliokwanguliwa kati na kupigwa msasa kwenye fremu utatoka na rangi mbili. Kama utanywesha rangi, malizia sehemu zote kwa msasa namba 240 au 320, mapito mepesi.

24. Naweza kuitumia kwenye vinia?

Kwenye vinia nene za zamani, zilizokatwa kwa msumeno, ndiyo, Na. 12 ilikusudiwa hizo. Vinia za leo ni kama milimita 0.6. Kabla hujaona ulichokosea utakuwa umetokea chini. Tumia bati la mkononi.

25. Je, kwa kuondoa gundi, vanishi au rangi ya zamani?

Vanishi iliyoganda matone, ndiyo, kwa ndoana ndogo na skrubu iliyolegezwa. Gundi iliyokauka ina ugumu unaoua ndoana kwa mapito machache; iondoe kwa patasi chakavu au bati kabla ya kuleta randa.

Rangi ya zamani ya milango na madirisha mara nyingi ina madini ya risasi. Usiikwangue ikiwa kavu ndani ya nyumba wanamoishi watu, hasa watoto. Ilainishe kwa dawa ya kuondolea rangi, ikusanye ikiwa mbichi, na tumia chombo ambacho hujali kikiharibika. Randa ianze kazi ubao ukishakuwa mtupu.